Ni Nani Mwanafunzi Mashuhuri?

Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya neno moja ambalo watu hulisema kila siku, wala hawaulizi maana yake. Husema, "Shule fulani ni kubwa, kwa kuwa imetoa watu wakubwa." Nasi twauliza: Je, shule ndiyo itoayo watu? Na mtu mkubwa ni mtu wa namna gani?

Sababu ya kuuliza ni hii. Siku moja tulikuwa Kibaha, nyumbani kwa mzee mmoja wa usharika, mtu mwema na mkarimu. Siku zile majina ya watoto waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza yalikuwa yametoka. Mjukuu wake alitumaini kwenda Shule ya Sekondari ya Kibaha, ambayo huchukua wavulana wenye vipaji maalumu kutoka pande zote za nchi. Hakuchaguliwa, alipangiwa shule ya kata, mwendo wa saa moja kwa miguu. Mzee akatuambia, "Mchungaji, shule ile imetoa Rais. Huyu wetu basi, hatakuwa mtu." Kijana alikuwa amesimama karibu, ameshika birika la maji ya kutunawisha. Alisikia yote. Nasi tulinyoosha mikono, tukanawa, tukanyamaza.

Kimya kile kimetusumbua tangu siku ile. Kwa hiyo twaandika.

Kwanza yatupasa kukiri kwamba habari aliyoisema mzee juu ya shule ile ni kweli. Shule ya Kibaha ilianzishwa mwaka 1965, nayo ilikuwa sehemu ya kazi kubwa iliyofanywa na nchi yetu pamoja na nchi za kaskazini ya Ulaya, yaani Sweden, Norway, Denmark na Finland. Pamoja na shule palijengwa chuo cha wakulima na kituo cha afya, ambacho leo ni hospitali ya Tumbi. Mwaka 1970 kazi ile yote ilikabidhiwa kwa serikali yetu, ikaitwa Shirika la Elimu Kibaha. Miongoni mwa wavulana wa kwanza alikuwamo Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga, aliyesoma hapo tangu 1966 hata 1969, naye akawa Rais wa nne wa Tanzania tangu 2005 hata 2015.

Tena ukitoka Kibaha ukaelekea upande wa Kisarawe, utakuta nchi ile nayo ina shule zenye sifa. Katika vilima vya Pugu, jirani na Kisarawe, iko shule iliyoitwa zamani Chuo cha Mtakatifu Fransisko. Huko alifundisha Julius Nyerere aliporudi kutoka Edinburgh, mpaka mwaka 1955, alipouacha ualimu kwa ajili ya kazi ya TANU. Huko pia alisoma Benjamin Mkapa, Rais wetu wa tatu. Na Minaki, katika wilaya ya Kisarawe, iko shule ambayo mizizi yake ni ya kale kuliko hizi zote, maana ilihamishiwa hapo mwaka 1925 kutoka Kiungani, Unguja, ilikoanzishwa na misheni ya Waanglikana katika karne ya kumi na tisa.

Basi, majina yako, wala hatuna nia ya kuyafuta. Kijana aonaye kwamba mtoto wa Msoga alifika Ikulu hupata nguvu ya kufungua kitabu chake usiku. Hilo ni jema. Lakini tuchunguze.

Kikwete kabla ya kufika Kibaha alisoma Karatu, kisha Tengeru. Baada ya Kibaha alikwenda Tanga, na baada ya Tanga akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Je, ni tunda la shule ipi? Mkapa naye alisoma Ndanda, akasoma Pugu, akaenda Makerere. Kila shule yaweza kusema, "Huyu ni wetu," na hakuna itakayosema uongo. Lakini yule mwalimu wa kwanza, aliyeushika mkono wa mtoto akamwonyesha namna ya kuandika herufi, ni nani amtajaye?

Wenyeji wa Kibaha waujua mto Ruvu. Maji yake hukusanywa na kusafishwa Mlandizi, yakapelekwa mpaka Dar es Salaam. Mto ule hushuka kutoka milima ya Uluguru, na vijito visivyohesabika huingia ndani yake. Mtu wa mjini afunguapo bomba hawezi kusema, "Maji haya ni ya kijito fulani." Ndivyo alivyo mtu aliyeelimika. Shule kubwa ni mahali ambapo mto umekwisha kuwa mpana; watu huuona hapo, wakadhani kwamba ndipo ulipoanzia.

Tena twauliza jambo la pili. Kama shule yajivunia jina la Rais, je, itajivika pia aibu ya wale walioiba mali ya umma? Maana hao nao walisoma. Waliketi katika madarasa yale yale, wakala chakula kile kile. Hatujaona ubao wowote ambao majina yao yameandikwa. Mtu achukuaye sifa na kuikataa lawama hafanyi hesabu ya haki. Ama shule ikubali yote mawili, ama iseme kwa unyenyekevu: "Sisi tulipanda, mengine yalikuwa ya mtu mwenyewe, na ya wazazi wake, na ya Mungu."

Twaja sasa kwenye neno lenyewe, yaani ukubwa. Kiti cha Rais ni kimoja. Kama kukikalia ndiko kuwa mtu, basi wavulana wote waliolala katika bweni moja na Kikwete, isipokuwa yeye, hawakuwa watu. Nani awezaye kusema hivyo? Wenzake wale walikwenda kuwa waalimu na waganga na wakulima, kila mtu na kazi yake. Kipimo kiwatupacho watu wote isipokuwa mmoja si kipimo cha watu. Ni kipimo cha kiti.

Mtu atajibu, "Lakini mkisema kila mtu ni mashuhuri, mmeiharibu heshima. Heshima ya wote si heshima ya yeyote." Jibu hili ni la haki, nasi hatutaki kulikwepa. Hatusemi kwamba wote ni sawa. Twasema kwamba wanapaswa kupimwa kwa kitu kingine, yaani kwa deni.

Mwalimu Nyerere alikuwa na mfano juu ya jambo hili. Alimfananisha msomi na mtu ambaye wanakijiji wenye njaa wamempa chakula chote kilichosalia, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea msaada. Akila, asirudi, amewasaliti. Mfano huu waligeuza fundo lote la maneno yetu. Maana twawatazama waliochaguliwa kana kwamba wao ndio watoao, na wasiochaguliwa kana kwamba ni makapi. Kumbe wasiochaguliwa ndio waliofunga matumbo yao ili yule mmoja ale. Mkulima wa Maneromango anunuapo sabuni na sukari hulipa kodi, na kwa kodi ile kijana mwingine hupata kitanda na vitabu Kibaha.

Tazameni wanafunzi wa Kiungani, shule ile iliyoizaa Minaki. Wengi wa wale wa kwanza walikuwa watoto walioondolewa utumwani, waliokamatwa pamoja na majahazi ya wafanya biashara ya watumwa. Hawakuchaguliwa kwa mtihani. Hawakuwa na baba wa kuwatafutia nafasi. Mtu angewatazama siku ile angesema kama mzee wetu, "Hawa hawatakuwa watu." Lakini kati yao alikuwamo Cecil Majaliwa, aliyewekewa mikono mwaka 1890, kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni ile. Naye hakukaa mjini kula heshima yake. Kazi yake kubwa aliifanya Chitangali, mbali kusini, kati ya Wayao. Alichopewa alikipeleka. Na mwanafunzi mwingine wa Kiungani, Martin Kayamba, alianzisha Tanga mwaka 1922 chama cha Waafrika waliokuwa watumishi wa serikali, na mwaka 1931 akaenda London kutoa ushuhuda mbele ya kamati ya Bunge, wakati Waingereza walipofikiri kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Leo ni wangapi wayajuao majina haya mawili? Basi hata umashuhuri wenyewe hupita. Kitendo hubaki, ijapokuwa jina limesahauliwa.

Kwa hiyo twajibu hivi. Mwanafunzi mashuhuri ni yule aliyejua kwamba alikula chakula cha wengine, akarudi na mzigo. Awe Rais, awe mwalimu wa watoto wadogo, ni mamoja. Na aliyekula asirudi, hata akiwa na kiti kirefu namna gani, ni mdaiwa mwenye nguo nzuri.

Tulipofika hapa katika kufikiri kwetu, tuliona haya kuyaandika kabla ya kumwambia mzee mwenyewe. Tukarudi Kibaha. Tukamweleza maneno haya yote. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mchungaji, umesema vema. Lakini wewe ulichaguliwa."

Ndugu, neno lile lilituingia. Ni kweli. Sisi tulichaguliwa, tukasomeshwa kwa sadaka za watu ambao wengine hawakujua kusoma. Ni rahisi kwa aliyeshiba kusema kwamba chakula si kitu. Shule ya kata yaweza kukosa vitabu, na waalimu wakawa wachache, na njia ikawa ndefu. Maneno mazuri ya mchungaji hayafupishi njia. Hatukuwa na jibu la kumshinda mzee, wala hatukulitafuta. Tulimwambia tu kwamba amesema kweli, na kwamba kwa sababu hiyo hiyo tunadaiwa na mjukuu wake. Kisha tukamwita kijana, tukamwomba radhi mbele ya babu yake kwa sababu siku ile tulinyamaza. Hakusema neno. Alitutazama, kisha akamtazama babu yake. Mzee akamwambia, "Keti, mwanangu." Akaketi nasi.

Sasa twasema nanyi, wainjilisti na wazee wa mitaa. Tunayo desturi, nasi tumeifanya miaka mingi, ya kusoma kanisani majina ya watoto waliochaguliwa kwenda shule kubwa, na watu wakapiga makofi. Wengine huketi nyuma wameinamisha vichwa. Hatusemi mwache kufurahi pamoja na wanaofurahi. Twasema hivi: yasomeni majina ya wote waliomaliza darasa la saba, na shule ambayo kila mmoja aendako, na mwombeeni kila mmoja kwa jina lake. Kisha wale waliokwisha kusoma katika usharika, mwalimu, karani, muuguzi, wasimame waseme ni jioni gani ya juma watakaa na watoto wa shule ya kata kuwasaidia hesabu na Kiingereza.

Sisi tumechagua jioni ya Jumatano. Kijana yule huja, na birika la maji sasa twashika sisi.