Haki ya Kilebu

Mdai mwenye ulimi hulipwa kwa kuogopwa. Mdai asiye na ulimi hulipwa kwa uungwana peke yake. Kwa sababu hii, ukitaka kuujua utu wa mtu, usitazame anavyowalipa wakubwa wake, bali tazama anavyomtendea yule asiyeweza kumshtaki. Kilebu, yaani mtoto wa mbwa, ni mdai wa namna hii. Hana shahidi wala hati, na yeye mwenyewe hajui kwamba anadai. Insha hii yauliza maswali mawili. La kwanza, je, ni haki kumlea mbwa wa mbegu kubwa mahali ambapo watu wenyewe hawashibi? La pili, mtu akisha kumchukua mbwa huyo, deni lake ni lipi na hulipwaje?

Maswali haya hayaelei hewani. Yana mahali pake. Katika jiji la Nairobi, mitaa ya Kibera na Kawangware imesongamana watu, na karibu nayo ziko nyumba zenye nyua pana. Kawangware yapakana na Lavington. Ng'ambo ya Kibera kuna Lang'ata na Karen. Kila alfajiri watu hutoka katika mitaa hiyo kwenda katika nyua hizo kulinda malango, kupalilia bustani, kupika na kufua. Humo hufugwa mbwa wa German Shepherd, Rottweiler na Boerboel. Tuseme, kwa mfano, mlinzi mmoja wa Kawangware apewa kilebu wa German Shepherd na tajiri wake. Kilebu ana majuma manane, manyoya yake ni laini, na macho yake yamtazama kila mtu kama rafiki wa zamani. Mlinzi amtia ndani ya koti, ampeleka nyumbani, katika chumba cha futi 10 kwa 10, kwa mkewe na watoto watatu. Watoto washangilia. Mama anyamaza, maana yeye ndiye anayejua unga uliobaki ni kiasi gani.

Kimya cha mama huyo ni hoja, tena hoja nzito. Mbwa wa mbegu hii huzaliwa akiwa na uzito wa nusu kilo hivi. Akikomaa, dume hufika kilo 30 hadi 40. Maana yake ni kwamba katika mwaka mmoja na nusu hivi huzidisha uzito wake wa kuzaliwa mara 60 au zaidi. Mtoto wa binadamu huuzidisha wake mara 20 hivi, naye hupewa miaka kama 20 ya kuifanya kazi hiyo. Ujenzi mkubwa wa namna hii haufanywi kwa upepo. Hufanywa kwa chakula, na chakula hununuliwa. Aliyempokea kilebu wa kutosha viganja viwili amempokea, bila kumwona, mlaji mkubwa ambaye huenda akaishi miaka 10 au zaidi.

Basi yuko atakayesema kwamba chakula kisichowatosha watoto kisigawiwe mnyama. Asemaye hivi hakukosea. Mtoto wa binadamu hutangulia, na mzazi amnyimaye mwanawe maziwa ili mbwa wake apendeze machoni pa wapita njia ameipindua mizani ya haki. Lakini hoja hii, japokuwa ni ya kweli, mara nyingi hutumiwa mahali pasipo pake. Wengi huikumbuka baada ya kumchukua mnyama, ili wahalalishe kumwacha na njaa. Mahali pake ni langoni, kabla kilebu hajatiwa ndani ya koti. Mlinzi yule alikuwa na haki kamili ya kusema, "Ahsante, bwana, lakini nyumba yangu haimwezi." Kuikataa zawadi usiyoweza kuitunza si utovu wa adabu wala si uchoyo, ni ukweli.

Akisha kukubali, hali imebadilika. Kabla ya kukubali, njaa ya kilebu ilikuwa jambo la ulimwengu mzima. Baada ya kukubali imekuwa jambo lake. Kilebu hakuomba kuletwa Kawangware. Ameletwa, akafungiwa, akakatazwa kuwinda na kuzurura. Aliyemziba mwenziwe njia zote za riziki hana budi kuwa yeye mwenyewe njia ya riziki yake.

Dini zetu zimelitambua deni hili. Wakristo husoma kisa cha maskini Lazaro, ambaye mlangoni pa tajiri hakuhurumiwa na mtu, ila mbwa walimjia wakamlamba vidonda. Waislamu husimulia katika hadithi za Mtume habari za mtu aliyeteremka kisimani, akateka maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa dhambi zake. Hata hivyo Waislamu hao hao, ambao wengi wao katika Afrika ya Mashariki ni wafuasi wa Imamu Shafii, huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Kibera ina wakazi wengi Waislamu, tangu askari wa Kinubi walipokaa katika msitu ule mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo mfugaji ana deni kwa jirani pia: mbwa wake asitie kinywa katika ndoo ya mwenziwe, asichafue ujia, wala asiwatishe watoto wa watu. Huruma kwa mnyama na heshima kwa jirani hazigombani. Azigombanishaye ni mfugaji mzembe.

Sasa na tulitazame swali la pili. Deni lenyewe ni lipi? Wengi watajibu upesi kwamba ni kumshibisha kilebu. Jibu hili lina kosa lililojificha. Madhara ya chuki yajulikana na kila mtu. Madhara ya mapenzi yasiyo na elimu hayajulikani ila na wachache. Mwaka 1974 wataalamu wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio lao juu ya vilebu wa Great Dane, mbwa wenye kimo kirefu mno. Baadhi yao waliachiwa chakula kizuri wale watakavyo, wengine walipimiwa. Walioachiwa walikua upesi, wakanona, wakapendeza. Kisha mifupa na viungo vyao vikaharibika kuliko vya wale waliopimiwa. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo mengine kutoka nchi hiyo hiyo, juu ya mbwa 48 wa Labrador. Ndugu waligawanywa wawili wawili, na mmoja akapewa robo pungufu ya chakula cha mwenziwe, tangu udogo hadi kufa. Waliopunguziwa waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maumivu ya viungo yalichelewa kuwafikia. Hawakuteswa kwa njaa. Walilelewa kwa kiasi.

Sababu yake yaeleweka. Mwili ukinenepa mbele ya mifupa, mifupa hubebeshwa mzigo ingali laini, na kiungo cha nyonga au cha bega hukua upande. Tena kilebu mchanga hawezi kuikataa kalsiamu inayozidi, ambayo ni madini ya kujengea mifupa; tumbo lake huipokea hata isipohitajika. Kwa hiyo mtu anayenyunyiza unga wa mifupa juu ya chakula kilichokwisha timia, akidhani anamtia kilebu nguvu, anampotosha mifupa. Anayempa nyama tupu humdhuru kwa njia nyingine, kwani nyama ina kalsiamu kidogo mno. Na anayempa ugali mtupu humnyima protini. Ukweli umekaa katikati, nao hautafutwi kwa macho ya kilebu, maana macho hayo huomba hata tumbo likiwa limejaa. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mlezi mwema huuliza mbavu. Hupitisha kiganja ubavuni mwa kilebu: mbavu ziguswe kwa urahisi, lakini zisitokeze, na akimtazama kutoka juu, akione kiuno. Kipimo hiki hakiuzwi dukani, na maskini anacho sawasawa na tajiri.

Je, mtu wa kipato kidogo aweza kulilipa deni hili? Aweza, lakini kwa uangalifu mwingi. Katika masoko ya mitaa hii, kama lile la Toi kando ya Kibera, huuzwa dagaa wa ziwani waitwao omena, nao huliwa pamoja na mifupa yao, hata huleta protini na kalsiamu kwa wakati mmoja. Bucha huuza matumbo. Haya yakipikwa na kuchanganywa na ugali na mboga kidogo ni bora kuliko ugali mtupu. Lakini vipimo vyake aulizwe daktari wa wanyama. Kitivo cha Udaktari wa Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete, si mbali na Kawangware. Kilebu alishwe mara tatu au nne kwa siku mpaka atimize miezi sita, kisha mara mbili. Asipewe vitunguu, wala mifupa iliyopikwa, kwa kuwa hupasuka na kutoboa matumbo. Na unga ulioota ukungu usimwagwe katika bakuli la mbwa kwa kudhani kwamba yeye hana neno. Mwaka 2004 sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini iliua watu zaidi ya 100 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui. Sumu iyo hiyo huua mbwa. Kisichofaa kuliwa na mtu hakiwi halali kwa sababu mlaji hawezi kusema.

Chakula si deni lote. Yako maji safi, ambayo katika mitaa hii hununuliwa kwa mtungi, na kilebu huyahitaji kila siku. Uko mwendo wa kiasi, kwani kilebu wa mbegu kubwa asilazimishwe kukimbia mbali wala kuruka juu kabla mifupa yake haijakomaa. Yako mafunzo, maana samaki hukunjwa angali mbichi, na mbwa wa kilo 40 asiyejua kutii ni hatari kwa mtaa. Iko pia chanjo. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ukisha kuonyesha dalili kwa mtu, karibu daima huishia katika kifo. Na Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika kila watu 100 walioumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu, 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kenya iliweka mwaka 2014 mpango wa kuumaliza ugonjwa huo kwa wanadamu ifikapo 2030, na msingi wa mpango huo ni kuwachanja mbwa.

Hapa maswali yetu mawili yakutana. Tulisema kwamba mtoto wa binadamu hutangulia. Lakini mbwa aliyechoshwa na njaa, akafukuzwa, huenda jalalani, na jalala ndilo uwanja wa michezo wa watoto maskini. Ukatili aliotendewa mnyama hurudi kwa meno yake mguuni mwa mtoto asiye na hatia. Kwa hiyo aliyeshindwa na deni asilitupe njiani. Akiri mapema, amrudishe mbwa kwa aliyempa, au amtafutie mlezi mwingine, au aliendee Shirika la Kulinda na Kutunza Wanyama la Kenya, KSPCA. Sheria ya Kenya, Sura ya 360, huhesabu kumwacha mnyama wako na njaa kuwa kosa. Lakini askari hawezi kusimama mlangoni pa kila chumba cha Kibera. Penye upungufu wa askari, dhamiri ndiyo mlinzi.

Enyi vijana, wengi wenu hamtafuga mbwa kamwe, lakini hapana hata mmoja atakayeishi bila kukabidhiwa kitu kilicho dhaifu kuliko yeye: ndugu mdogo, mzee, mwanafunzi, shamba, nchi. Jiulizeni kabla ya kupokea, wala si baada ya kuchoka. Mkisha kupokea, jifunzeni haja yake ilivyo, si kama mioyo yenu ipendavyo iwe. Mpeni kiasi chake kila siku, hata siku ambayo hapana anayewatazama. Anayelipa deni lisiloandikwa ndiye mtu wa kuaminiwa kwa madeni yote mengine.