Mikono ya Mzazi Ikichoka

Andiko: Kutoka 17:8-13

Leo naanza kwa kutubu. Mnakumbuka ile Jumapili ya mwaka jana nilipombeba mwanangu hadi madhabahuni nikasema, "Oneni mtumishi anavyobarikiwa, mtoto amenona!" Mlicheka, nami nikacheka. Nilichukua mwili wa mtoto nikaufanya ushuhuda wangu.

Miezi michache baadaye tukampeleka kliniki. Ana miaka minne. Nesi akampima uzito, akampima urefu, akalinganisha kwenye kitabu chake, kisha akaniambia kwa upole, "Mchungaji, uzito umezidi urefu wake." Nilikasirika, bana. Nikamwambia kwetu sisi ni wanene kwa asili. Nilipofika nyumbani nikamgeukia mama yake, kana kwamba si mimi niliyekuwa nikirudi kila jioni na soda na biskuti.

Nimesomea biashara, kwa hiyo nikaketi na kalamu. Soda ya mililita 300 ina sukari ya takriban vijiko 8 vya chai. Siku 6 kwa wiki ni vijiko 48, na hapo sijahesabu chai ya nyanya yake wala mahamri ya majirani. Lakini hesabu iliyonichoma ilikuwa nyingine. Nilikuwa nashinda kwa mikutano, nikirudi usiku najiona nina deni kwa mtoto. Basi soda ndiyo ilikuwa inalipa.

Sasa rudi kwenye andiko. Musa yuko juu ya kilima, Yoshua yuko bondeni anapigana na Amaleki. Musa akiinua mikono, Israeli wanashinda; akiishusha, wanashindwa. Na Musa, mtu wa Mungu, alichoka! Haruni na Huri hawakumkemea kwamba hana imani. Walimtafutia jiwe akakalia, wakashika mikono yake, huyu huku na huyu kule, mpaka jua likatua.

Mke wangu alikuwa huyo Musa. Nesi alitueleza kwamba mtoto wa umri huu hakondeshwi kama mtu mzima. Kwa kawaida lengo ni uzito utulie huku urefu unapanda. Kwa hiyo hakuna kumlaza njaa, na tafadhali, hakuna kumfungisha eti ni maombi. Sisi wazazi tunaamua kinachopikwa na saa ya kula. Yeye anaamua ameshiba lini. Nyumba nzima ikabadilika: maji mezani, samaki asiyezama kwenye mafuta, kunde, tunda. Mimi pia nikaacha soda, na nawaambia ukweli, hapo ndipo vita vilikuwa vikali.

Kisha kuna simu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 3 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku mbele ya kioo, na apate angalau dakika 180 za kujongeajongea na kucheza. Tunaishi Lamu, mji wa vichochoro na punda, na bado mwanangu alikuwa anakaa na simu yangu nikiandaa mahubiri. Siku hizi jioni tunafuata ufuo kuelekea Shela. Mara nyingi hatufiki, kwa sababu kila kaa lazima afukuzwe.

Lakini mama akilia na mtoto dukani, majirani wanasema, "Mnamnyima, kwani mmefilisika?" Mikono inashuka. Nyanya naye anaficha kashata kwenye leso. (Mama, nisamehe, lakini nilikuona.) Na kilichoniuma zaidi, mtoto alikataa kwenda shule ya Jumapili kwa sababu wenzake walimwita Kibonge. Jina hilo walilitoa wapi? Kwangu, kule madhabahuni.

Kuna mtu atasema, mchungaji, watoto wetu wanakosa chakula, wewe unahubiri unene? Ni kweli. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na asilimia 3 ndio wenye uzito kupita kiasi. Hao wote ni wetu. Kitabu kile kile cha kliniki ndicho kinachowaonyesha wote wawili, aliyedumaa na aliyezidi.

Nashukuru kwamba mama mmoja wa hapa kanisani, mwanangu akipita kwake, humpa kipande cha embe na maji, hata akililia biskuti. Mwalimu wa shule ya Jumapili amekataza lile jina, na zawadi ya kukariri andiko si soda tena. Hao ndio Haruni na Huri wetu. Mwezi uliopita tulirudi kliniki: kilo zile zile, urefu umeongezeka sentimita 2. Mke wangu alilia pale pale kwenye benchi.

Jumatano hii, baada ya maombi ya jioni, wazazi wenye watoto wadogo tubaki nusu saa. Akina baba pia, msiwatume wake zenu. Kila mtu aje na kitabu cha kliniki. Mimi nitakuja na cha kwangu.