Asiyekusudia, Je, Hana Deni?

Yako madhara ambayo mtu huyatenda kwa kusudi, na hayo kila mwenye akili hujua kuyahukumu. Yako na mengine yatokayo katika mikono isiyo na nia mbaya yoyote, nayo ndiyo yatupayo taabu kuyapima. Mfano wake twauona katika Ghuba ya Menai, kusini magharibi ya kisiwa cha Unguja, kwa habari za pomboo wa Kizimkazi.

Zamani pomboo hao waliuawa makusudi, kwa kuwa nyama yao ilikuwa chambo cha papa. Tangu mwaka 1992 wageni wakaanza kupelekwa kwa mashua kuwatazama, na wanakijiji wakaona kwamba pomboo aliye hai huleta riziki kila siku, aliyekufa mara moja tu. Kufikia 1996 uwindaji ule ulikuwa umekoma, na mwaka 1997 ghuba ikafanywa hifadhi. Mtu angedhani shauri limekwisha.

Halikwisha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Uswidi, waliwatambua pomboo mmoja mmoja kwa alama za pezi la mgongoni. Hesabu za 1999 hadi 2002 zilionyesha kuwa ni wachache: wa jamii moja hawakufika 200, na wa jamii ya pili, wenye nundu, hawakufika 70. Wavuvi nao waliulizwa, wakaeleza jinsi pomboo wanavyonaswa katika majarife yaliyotegewa samaki wengine. Pomboo huvuta pumzi kama sisi. Akizuiwa chini ya maji hufa. Ikabainika kwamba kundi dogo namna hiyo haliwezi kustahimili vifo hivyo.

Mwaka 2010 ulitolewa uchunguzi ulioonyesha kwamba mashua za watazamaji zikiwapo, pomboo hupumzika kidogo na kusafiri zaidi. Mwaka huohuo uchunguzi mwingine ulieleza kwamba katika mafuta ya pomboo wa Zanzibar mna DDT, dawa iliyotumika nchi kavu kuua mbu na wadudu wa mimea. Sumu ya namna hii hukaa miaka mingi mwilini, na mama humpa mwanawe pamoja na maziwa.

Nani basi alaumiwe? Mvuvi alitega apate chakula cha wanawe. Mwenye mashua alitafuta riziki ya halali. Aliyenyunyiza dawa alitaka watoto wasife kwa homa. Hakuna hata mmoja aliyemchukia pomboo. Twasema hivi: kwa yaliyopita, asiyejua hana hatia. Lakini ujuzi ukishafika, udhuru huondoka. Kuendelea na jambo ambalo matokeo yake yamekwisha kujulikana ni kuyakubali matokeo hayo.

Wengine watauliza: watu wana njaa, ya nini kushughulika na pomboo? Twajibu kwamba maji yake ndiyo maji ya samaki wetu. Yakichafuka, sahani zetu hazisalimiki. Wala tusimhifadhi kwa ajili ya fedha za wageni peke yake, kwani tumeona fedha ileile iliyomwokoa ikirudi kumsumbua.

Ila yatupasa haki. Mvuvi aliyesema kweli juu ya jarife lake asiadhibiwe kwa ukweli wake, wala mzigo usimwelemee yeye peke yake, hali sote twafaidi bahari. Wataalamu wairudishe elimu yao kijijini kwa maneno yanayoeleweka. Wenye mashua wawaachie pomboo nafasi ya kupumzika. Nasi tukaao mbali na pwani tukumbuke kwamba mito yetu mingi huishia baharini: dawa ya shamba na taka tuitupayo mtoni leo, kesho itakuwa katika maziwa ya mama asiyeweza kutushtaki.