SUBIRA SI KUKAWIA
Neno juu ya ajali za macho

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyetupa neema ya kusikia na kuona. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba wake wote.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, katika mambo tunayoulizwa sana baada ya darsa ni hili: mtu apatwapo na dhara la jicho, je, bora kwake ni kusubiri na kuomba dua, au kumkimbilia daktari? Jawabu letu ni kuwa suala lenyewe limekosewa. Aulizaye hudhani kuwa subira na dawa ni vitu vipinganavyo, na kuwa mwenye kushika kimoja hana budi kukiacha cha pili. Na kwa dhana hii watu hupoteza macho ambayo yangalisalimika, lau wenyewe wangaliondoka saa ile ile.

Itazameni sharia yetu namna ilivyolitukuza jicho. Mafakihi wametufundisha kuwa diya ya mtu kamili ni ngamia 100, na diya ya jicho moja ni nusu yake, yaani ngamia 50. Mtu akitobolewa jicho na mwenziwe, jamaa zake watasimama kudai haki hiyo. Walakini jicho lile lile, mwenyewe hulipoteza bure kwa kungoja mpaka Jumatatu, au mpaka mjomba arudi safari, wala hapana amwulizaye! Nalo si mali yake. Ni amana aliyopewa, na amana huulizwa.

Huenda msemaji akasema: "Mtume (S.A.W.) amempa bishara ya Pepo mtu apotezaye macho yake mawili akasubiri." Twasema, ni kweli, na hadithi hiyo ni sahihi. Lakini hiyo ni faraja ya aliyekwisha fikwa na msiba. Si ruhusa ya kuuita msiba. Atakayeiacha nyumba yake iungue, na ndoo ya maji iko mkononi, kisha akaketi juu ya majivu akasema "Nasubiri", huyo hakusubiri, amepuuza. Mtume mwenyewe alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu. Na yamepokewa ya kuwa Saad bin Abi Waqqas alipougua, Mtume alimwelekeza kwa Harith bin Kalada, tabibu wa kabila la Thaqif, mtu ambaye wanachuoni wamekhitilafiana kama alisilimu. Basi wale wasemao kuwa ni vibaya kutibiwa na daktari asiyekuwa Mwislamu, na wajiulize wamelitoa wapi neno lao.

Sasa na tuyajue yale ambayo yakitokea hayangoji kesho.

La kwanza, nalo ni la haraka kupita yote, ni jicho kuingiwa na kitu kikali: chokaa ya kupakia nyumba au ya tambuu, simiti, maji ya betri, au dawa za kuzibulia mifereji. Hapa dawa ya mwanzo iko nyumbani, nayo ni maji. Usianze kwa kutafuta gari. Mwinamishe kichwa upande wa jicho lililoumia, ili maji yasiteremkie jicho zima. Lifumbue kwa vidole, na umimine maji safi kwa nusu saa kamili au zaidi, ukiondoa punje zilizojificha chini ya kope. Kisha ndipo uende hospitali, hata kama maumivu yametulia. Chokaa na simiti huendelea kupenya ndani ya jicho baada ya kuingia, na kwa hivyo khatari yake mara nyingi yashinda ya tindikali. Wala usitie ndimu wala siki kwa kudhani kuwa utavunja ukali wake. Utaongeza moto juu ya moto.

La pili ni jicho kutobolewa au kupigwa kwa nguvu: fundi apigaye nyundo juu ya patasi, chembe ya chuma ikamrukia, au mtoto achomwaye na mwiba, au afikwaye na fataki za Idi. Hili ni kinyume cha lile la kwanza. Usilioshe, usilibinye, usilisugue, wala usichomoe kilichokwama. Lifunike kwa kikombe kidogo kikaacho juu ya mifupa ya kandokando bila ya kuligusa jicho lenyewe, na umpeleke mara moja. Asile wala asinywe njiani, kwani huenda akahitaji kulazwa usingizi apasuliwe. Na fundi asighurike akiona maumivu ni madogo. Chembe ya chuma huweza kuzama ndani, na jicho kwa nje likaonekana zima.

La tatu ni jicho jekundu lenye kuuma, likawa haliwezi kuvumilia mwangaza, au uoni wake umepungua, au pametokea doa jeupe juu ya kile kioo cha mbele ya jicho. Aliyekwaruzwa na ukuti au bua la mahindi na aogope zaidi, kwani kidonda cha namna hiyo chaweza kuingia ukungu unaokula kioo hicho. Tena asinunue dukani dawa ya matone kwa kuwa ilimfaa jirani. Zimo dawa ambazo huondoa wekundu, mtu akafurahi, na huku zaukuza ugonjwa wenyewe.

La nne ni maumivu makali ya jicho yaliyoshikamana na ya kichwa, pamoja na kutapika, na mgonjwa akawa aona duara za rangi zimeizunguka taa. Hii ni presha ya jicho iliyopanda ghafula. Watu husema ni malaria, au ni jini, akafukizwa ubani siku mbili tatu. Na uoni upoteao hapo haurudi.

La tano ni yale yasiyouma kabisa, na kwa kutouma kwake ndiyo yadanganyayo: kuona kutoweka ghafula, au pazia jeusi kushuka upande mmoja, au vimemeta vya mwanga na vidoa vingi vyeusi mfano wa masizi yarukayo. Huenda utando wa nyuma ya jicho umebanduka, nao ukiwahiwa huweza kurudishwa. Au huenda mshipa wa damu umeziba, na huo ni ndugu wa kiharusi. Mtu huyo na apelekwe mbio kama apelekwavyo aliyepooza.

La sita ni mtoto mchanga, asiyetimiza mwezi, avimbaye kope na kutoka usaha. Msimwambie mamake kuwa ni matongo tu. Yako maradhi ambayo mtoto huyapata wakati wa kuzaliwa, yawezayo kulitoboa jicho lake kwa siku chache mno. Atibiwe yeye, na baba na mama nao watibiwe. Wala huo si wakati wa kulaumiana. Na mtoto aonekanaye na weupe ndani ya mboni, mfano wa jicho la paka usiku, aonyeshwe daktari juma lile lile, kwani huenda ni saratani, nayo ikiachwa huua.

Hayo ndiyo ya haraka. Ama mtoto wa jicho wa wazee, ambaye huja polepole, huyo ana wakati wake, na kupasuliwa kwake kwajulikana.

Tena yako mambo tuyaonayo yakitiwa machoni: maziwa ya mama, asali, maji ya majani, hata mkojo, na mate ya mtu aitwaye mwema. Wenye kutema mate hutoa dalili kuwa siku ya Khaybar, mwaka wa 7 wa Hijra, Sayyidna Ali aliumwa na macho, Mtume akamtilia mate yake na kumwombea, naye akapona. Subhanallah! Ule ulikuwa muujiza wa Mtume. Mate yake yalikuwa baraka. Mate yetu ni mate, nayo yana vijidudu. Na Mtume amekwisha tuonya kuwa mwenye kutibu watu bila ya kujulikana kwa utabibu, akadhuru, ni juu yake dhamana. Basi huyo atiaye majani katika jicho la mtoto wa watu na ajue kuwa diya tuliyoitaja yamngoja.

Wala ilimu ya macho si ngeni kwetu. Ali bin Isa wa Baghdad alitunga kitabu cha matabibu wa macho kilichosomwa miaka mingi na Waislamu na Wazungu. Ammar wa Mosul alieleza namna ya kuufyonza mtoto wa jicho kwa sindano yenye tundu. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki Misri kiasi cha mwaka 1040, ndiye aliyebainisha kuwa mwanga huingia machoni kutoka katika vitu, wala hautoki machoni. Wazee wetu walichimba kisima hiki. Sisi leo twaona haya kunywa maji yake.

Wengine huzuiwa na khofu ya ibada zao. Nao twawaambia: dawa ya matone ya jicho haifunguzi saumu katika madhehebu ya Shafii, kwani jicho halihesabiwi kuwa ni tundu lifikalo tumboni. Aliyekatazwa na daktari kulitia maji jicho lake, aoshe palipo pazima na atayamamu kwa ajili ya palipo na dhara. Na Imamu Nawawi ameruhusu mtu awezaye kusimama asali hali ya kulala, akiambiwa na tabibu mwaminifu kuwa ndivyo atakavyoweza kutibiwa. Mwanamke asipopata daktari wa kike, na atazamwe na wa kiume, pamoja na maharimu wake. Dharura ina hukumu yake. Mnakumbuka khabari ya yule mtu aliyepasuka kichwa safarini, wenziwe wakamfutia kuwa hana ruhusa ya kutayamamu, akaoga akafa? Mtume alikasirika, akasema kuwa wao ndio waliomwua. Basi tusiue macho ya watu kwa fatwa za barazani.

Mombasa iko hospitali kuu ya Coast General, na Kwale iko Kwale Eye Centre. Aliye Lamu, Malindi au Kilifi na aanze kwa hospitali iliyo karibu naye, aulize aliyesomea macho. Na mfikapo mlangoni msikae kimya katika safu ya watu, semeni wazi: "Jicho hili limeingiwa na chokaa leo," au "Mtu huyu ameacha kuona tangu asubuhi." Kunyamaza hapo si adabu.

Wenye nyumba, chokaa na maji ya betri visiwe karibu na watoto. Mafundi, vaeni miwani ya kazi. Na maimamu, tangazeni haya baada ya sala, na asiye na nauli achangiwe papo hapo, kabla ya watu kutawanyika. Wahenga wamesema subira yavuta kheri, na wao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwenye akili hujua kila neno na mahali pake. Fanya haraka kwenda, omba dua ukiwa njiani, na usubiri kwa atakalolikadiria Mola.

Ewe Mola wetu, tuhifadhie macho yetu, na waliokwisha pofuka uwalipe Pepo kwa subira yao. Amin.