Sifa za Watu na Heshima ya Mtu

Kuna swali limpasalo kila mkatekumeni kulifikiri kabla ya kupokea Ubatizo: heshima ya mtu yatoka wapi? Je, yatoka katika nguvu za mwili wake na kazi za mikono yake, au yatoka mahali pengine? Wengi hujibu upesi kwamba yatoka kwa Mungu, lakini matendo yao husema neno lingine. Maisha ya mchezaji mmoja wa mpira, mwana wa Kongo, yaweza kulionyesha jambo hili waziwazi.

Ndaye Mulamba alizaliwa mwaka 1948 katika mji wa Luluabourg, unaoitwa leo Kananga. Kazi yake uwanjani ilikuwa ya mshambuliaji, yaani yule awekwaye mbele ili autie mpira golini. Mwaka 1973 alikuwa katika timu ya Vita Club ya Kinshasa, iliyoshinda Kombe la Mabingwa wa Afrika. Mwaka 1974 alikwenda Misri kuichezea nchi yake, iliyoitwa Zaire wakati ule, katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Huko alitia mabao 9, na mpaka leo hakuna aliyetia mengi kuliko hayo katika kombe hilo kwa mwaka mmoja. Mchezo wa mwisho na Zambia ulikwisha sawasawa, 2 kwa 2. Ukarudiwa, na Zaire ikashinda 2 kwa 0. Mabao yote 4 ya Zaire katika michezo hiyo miwili aliyatia yeye. Washangiliaji walimwita Mutumbula, jina la kuogofya.

Miezi mitatu baadaye, Zaire ilikwenda Ujerumani ya Magharibi kushindania Kombe la Dunia. Ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika huko. Katika mchezo na Yugoslavia, mwenzake mmoja alimpiga mwamuzi teke. Mwamuzi hakumtambua mwenye kosa, akamtoa Ndaye asiye na hatia. Dakika 22 tu zilikuwa zimepita, na Zaire ikashindwa 9 kwa 0. Basi, mtu yuleyule, katika mwaka uleule, alisifiwa kwa haki na kuadhibiwa bila haki. Je, alikuwa mtu mkubwa mwezi wa tatu na mtu duni mwezi wa sita? Hasha! Waliobadilika ni wale waliomtazama.

Wahenga walisema: Mcheza kwao hutuzwa. Lakini tuzo ya wanadamu haidumu. Mwaka 1994 Ndaye aliitwa Tunisia, akapewa heshima mbele ya watu kwa ajili ya mabao yake ya zamani. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha, wakidhani amekuja na fedha nyingi, walimpiga risasi mguuni. Mwaka 1996 akakimbilia Afrika ya Kusini, mgeni asiye na mali. Huko Cape Town jamaa moja katika mtaa wa maskini ilimpokea nyumbani mwake. Baadaye yule aliyeshangiliwa na maelfu alikuwa akilinda magari ya watu ili apate chakula.

Mwaka 1998 Kombe la Mataifa ya Afrika lilichezwa Burkina Faso. Habari ya uwongo ilikuwa imeenea kwamba Ndaye amekufa katika machimbo ya almasi huko Angola. Uwanjani watu wakasimama na kunyamaza dakika moja kwa kumkumbuka. Naye alikuwa hai! Akafa kweli mwaka 2019, huko Johannesburg.

Kuwakumbuka wafu ni tendo jema, na Kanisa lafundisha kuwaombea. Lakini tazameni tofauti. Kumnyamazia marehemu dakika moja ni kazi nyepesi, wala haimpunguzii mtu chochote. Kumpa aliye hai chakula na mahali pa kulala, siku baada ya siku, ni kazi nzito. Uwanja mzima ulifanya ile nyepesi. Jamaa moja maskini ilifanya ile nzito. Tena Bwana wetu Yezu Kristu alifundisha kwamba anayempokea mgeni ampokea Yeye mwenyewe. Hakusema neno hilo juu ya anayeshangilia mabao.

Labda mtu atasema: «Angaliweka akiba wakati wa nguvu zake, asingalipata shida.» Kweli, busara ni fadhila, na kijana mwenye mshahara yampasa kufikiri juu ya uzee. Lakini heshima si mshahara wa busara. Mtu aliyekosa akiba hakukosa kuwa mtu. Mwingine atauliza: «Basi, ni vibaya kumsifu mchezaji hodari?» Sivyo. Nguvu na wepesi ni zawadi za Muumba, na kuzifurahia ni haki. Lakini sifa hufuata kile mtu akifanyacho, nazo huisha kazi yake inapoisha. Heshima hufuata kile mtu alicho: kiumbe cha Mungu, kwa mfano wake. Mtoto mchanga aletwaye kwenye maji ya Ubatizo hajalima shamba, hajajenga nyumba, hajatia bao hata moja. Hata hivyo Mungu amwita mwanawe. Hapo ndipo jibu la swali letu lilipo.

Jambo hili si la wachezaji peke yao. Kijijini yuko mzee aliyefyeka msitu na kujenga nyumba za wengi, na leo hawezi kuinua jembe. Watoto wamcheka, na siku mbili zaweza kupita moto usiwashwe kwake. Atakapokufa, mbuzi watachinjwa, watu watalia kwa sauti kuu, na kila mmoja atataja kazi zake. Machozi hayo yafaa nini kwa mtu aliyelala na njaa?

Mkatekumeni asingoje matanga. Kabla ya Dominika ijayo, amtafute mmoja aliyesahauliwa, amchotee maji, amwashie moto, aketi naye na kumwita kwa jina lake. Akifanya hivyo, ameanza kuishi Ubatizo anaoungojea.