Sajenti na Amri Iliyotoka Juu

Sajenti mmoja wa polisi katika usharika wetu aliacha kushiriki Chakula cha Bwana kwa miezi kadhaa. Ibada hakukosa, na kwaya aliendelea kuimba, ila wenzake walipoinuka kwenda madhabahuni yeye alibaki ameketi. Tulipomwuliza, alitueleza kwamba alipewa amri ya kuwaondoa wafanyabiashara wadogo kandokando ya barabara. Akaipokea, akaipeleka kwa vijana wake, na konstebo mmoja akampiga mama muuza ndizi kwa kirungu hadi mkono ukavunjika. "Mchungaji, mimi sikumgusa. Dhambi hii ni ya nani?"

Tulimjibu upesi mno. Tulimwambia kuwa amri ilitoka juu, yeye alitii tu, basi arudi mezani kwa amani. Hakurudi. Tunaona sasa kwamba alikielewa cheo chake kuliko sisi.

Sajenti huvaa V tatu mkononi. Mkubwa wake anaweza kutoa amri bila kuiona sura ya atakayeguswa nayo, na konstebo kijana anaweza kusema hakuelezwa vizuri. Sajenti hana pa kujificha. Amri inapomfikia bado ni maneno. Ikitoka kwake inakuwa kirungu, au inakuwa nusu saa ya mama kukusanya ndizi zake. Ni yeye anayejua ni konstebo yupi ana hasira, na yupi hajalala tangu lindo la usiku.

Biblia yetu humwita akida yule aliyemwambia Yesu kwamba yuko chini ya mamlaka, naye ana askari chini yake. Neno hilo wazee wetu walilijua kwa uchungu: maakida wa Wajerumani walikusanya kodi na kusimamia mashamba ya pamba, na vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905 walishambuliwa. Nao walikuwa na amri kutoka juu.

Mwaka 1526 Luther aliandika kitabu kizima kujibu kama askari naye aweza kuokolewa, kwa kuwa askari mmoja, Assa von Kram, alisumbuliwa na dhamiri. Akajibu kwamba kazi hiyo ni halali, ila ukijua kwa hakika kuwa bwana wako anatenda uovu, mche Mungu, usimfuate. Ungamo la Augsburg la 1530, kifungu cha 16, lina mpaka huohuo. Wapo wachungaji wanaokumbuka nusu ya kwanza tu, na siku ile sisi tulikuwa miongoni mwao.

Hata hivyo, swali la sajenti wetu lilikuwa gumu zaidi, maana kuondoa watu barabarani si kuua wala kuiba. Uovu ulikuwa katika namna ya kutenda, na kusimamia namna ndiyo kazi ya sajenti. Tulirudi kwake tukamwambia: konstebo ana sehemu yake, na wewe unayo yako. Tulidhani atakasirika. Akashusha pumzi. Kumbe tulipomwambia hana kosa, tulikuwa tumemnyima msamaha.

Akatuomba twende naye kwa yule mama. Tulimkuta nyuma ya stendi, mkono umeunga lakini haunyooki. Alimtazama sajenti, akatuambia tungoje kwanza amalize kuuza. Tukaketi sote wawili juu ya kreti tupu hadi saa kumi na mbili jioni.