Mita 60 Kutoka Wapi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. (Kifungu hicho kinalinda ukingo, anayelala ukingoni hakumtaja.) Ukiwa Manyoni mwezi Septemba utauliza: mto upi? Makorongo yamekauka, mbuzi wanakatiza mchangani. Kule Kintinku, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, tambarare inayotuamisha maji ya mvua ndiyo hiyo hiyo inayootesha mpunga. Mkulima anajenga karibu na jaruba lake. Huo si ujinga, ni hesabu.

Nakubali, hakuna mwenye haki ya kulaza watoto kwenye mkondo. Lakini kiwanja hakijiuzi. Yupo aliyekikata, wapo mashahidi, upo muhuri kwenye karatasi ya mauziano, na wengi wao ni wenyeji wanaojua maji hupita wapi. Dar es Salaam, baada ya mafuriko ya Desemba 2011, baadhi ya waathirika walihamishiwa Mabwepande. Desemba 2015 nyumba za Bonde la Msimbazi zilipigwa X nyekundu na kubomolewa. Sikusikia X iliyochorwa kwenye mlango wa mgonga muhuri.

Kwa hiyo halmashauri inayosema "usijenge hapa" inadaiwa sentensi ya pili: kiwanja kingine kiko wapi, bei gani, kisima kiko umbali gani, na kwa mtu wa Kintinku, ni mwendo wa saa ngapi hadi jarubani.